Mawe Yenye Macho

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa na majiko, vitanda na wakwe wa kuwasumbua, Bwana Tembo aliishi ufukweni na mkewe. Nyumba yao ilikuwa kubwa, lakini ilijaa moshi wa kuni. Bi Tembo alikohoa kutwa: kho! kho! kho! Mumewe alimpenda, kwa hiyo naye hakuwa na raha.

Akasikia kwamba chini kabisa baharini, kule jua lisikofika, kuna mawe meusi ya mviringo kama viazi. Ukiyasugua, yanatoa moto usio na moshi.

Akamwita swahiba yake, Nyangumi.

"Ndugu yangu, kinywa chako ni kama ghala. Nichotee yale mawe."

"Ni ya nani?"

"Ya nani tena? Kule ni giza tupu! Nani akae gizani?"

Nyangumi akazama, chubwi! Akachota mawe, tope na kila kilichokuwamo, akaja kuyatema mbele ya nyumba ya Tembo, kwacha! Akarudi tena, na tena. Lundo likapanda, mawimbi yakililamba kwa chini.

Kumbe huko chini kulikuwa na wenyewe. Bi Pweza alikuwa ametaga mayai juu ya jiwe, maana kule ni tope kila upande, na jiwe ndicho kitanda pekee cha mtoto. Alikuwa hali, halali, anayapepea tu. Maji yakachafuka ghafla. Akafumba macho kidogo yasiingie tope. Kuyafumbua, jiwe halipo.

"Wanangu! Jamani, wanangu!"

Jirani yake alikuwa Kaa. Watu husema pweza na kaa hawapiki chungu kimoja, lakini kilio cha mzazi nani atakipa kisogo? Kaa akaja mbio, upandeupande.

"Nyamaza, Bi Pweza. Nitawafuata mimi."

"Wewe? Tembo akikukanyaga, hata mchuzi haupatikani!"

"Nguvu sina. Maneno ninayo."

Kaa akakusanya ndugu zake, wakapanda hadi ufukweni, wakajipenyeza chini ya lundo. Yeye akaenda mlangoni. Tembo alikuwa anakula chakula cha mchana.

"Hodi! Nimekuja kukupa pole, Bwana Tembo."

"Pole ya nini?"

"Ya msiba utakaokupata. Yale si mawe. Ni mayai ya Bahari! Yakianguliwa, mama yao atakuja kuyafuata. Na mama mwenyewe unamwona alivyo mpana."

Tembo akacheka mpaka bakuli likaanguka. "Mayai! Ha! Ha! Toka hapa!"

"Haya. Sikiliza basi."

Ko! Ko! Ko! Sauti ikatoka ndani ya lundo. Jiwe moja likatikisika. Likashuka. Likaanza kutembea kuelekea majini, na jingine nyuma yake, na jingine!

"Mama yangu wee!" Tembo akaruka nyuma ya mgomba, makalio yote nje. "Yanatembea! Kaa, mwambie Bahari asije! Nitarudisha yote!"

Mambo yangekwisha hapo. Lakini kaa mmoja alijikwaa, jiwe likapinduka, akabaki chali, miguu ikipiga hewa.

"Nigeuzeni jamani! Nigeuzeni!"

Tembo akatoka mgombani taratibu. Akatazama ile miguu. Akaelewa.

"Mnanichezea? Mimi?" Akamgeukia Kaa wa mlangoni, akainua mguu juu yake. Kaa akajikunja, akafumba macho.

"Ngoja, mume wangu!" Bi Tembo alikuwa ameinama pale mawimbi yalipolamba lundo. Alikuwa akikohoa na kuita pamoja. "Njoo uone. Hili lina macho."

Tembo akaenda. Juu ya jiwe hilo, ndani ya maji, mayai meupe yalikuwa yameng'ang'ania. Katika kila yai, vijicho viwili vyeusi vilikuwa vikimtazama.

Tembo akaushusha mguu wake pembeni, polepole.

"Kaa... si umenidanganya?"

"Nimekudanganya kuhusu mama tu. Mama yao si Bahari. Ni Bi Pweza, na sasa hivi analia."

Tembo akakaa chini, puu! "Mimi nilitaka mke wangu apumue tu."

"Naona. Lakini nyumba yako haina hata dirisha, na una pembe mbili."

Tembo akautazama ukuta. Akaenda akautoboa, gu! Upepo ukaingia, moshi ukatoka mbio. Bi Tembo akavuta pumzi ndefu, akamtazama mumewe.

Nyangumi akaitwa. Aliposikia habari, akatokwa na machozi, akalibeba jiwe la Bi Pweza juu ya ulimi wake, kinywa kimejaa maji, akashuka nalo taratibu. Bi Pweza akawapapasa wanawe mmoja mmoja, kwa mikono yake yote.

Mawe mengine nayo yakarudishwa. Lakini wajukuu zangu, nisiwafiche: yalirudi ovyo, na tope lilichukua miaka kutulia. Wengine waliokuwa wakiishi pale hawakuonekana tena. Tembo akawa anakwenda ufukweni kila asubuhi, anayatazama maji, kisha anarudi nyumbani.

Basi shikeni hili: kuona giza ndani ya nyumba si kusema kwamba haina mwenyewe.