Mama wa Pili wa Bakiri

Hapo zamani, mwaka ambao kiangazi kilikaza hadi mto ukabaki mchanga mtupu toka ukingo huu hadi ule, paliishi mwanamke jina lake Zuwena. Mumewe alifariki kabla hawajajaliwa mtoto, na ndugu zake walikuwa mbali, safari ya siku nne kwa mguu. Alikuwa amezoea kupika chakula cha watu wawili, na mazoea hayo yalimshinda kuyaacha. Kila siku alipika, kila siku kikabaki, kila asubuhi akala kiporo.

Jirani yake aliitwa Salha. Salha alikuwa na watoto wawili: Siwatu, binti wa miaka saba, na Bakiri, mvulana wa miaka minne. Baba yao alikwenda kukata mkonge, na hiki kilikuwa kiangazi cha pili hajarudi. Ng'ambo ya ua, katika kibanda chake mwenyewe, alikaa mama wa huyo baba, Bibi Mwamini, ambaye macho yake yalikwisha kuzima. Salha alitoka alfajiri kwenda kumwagilia vitunguu vya watu bondeni, akarudi jua likizama. Basi watoto walishinda kwa nani? Walishinda kwa Zuwena.

Walikuja asubuhi, wakanywa uji. Siwatu akafunga magunzi kwa vitambaa, akayafanya watoto wake, akawapa majina na kuwagombeza. Bakiri akafukuza kuku, akaanguka, akalia, akanyamaza. Adhuhuri jua lilipowaka, Zuwena aliwatandikia mkeka pale ukutani penye kivuli, akawachambulia karanga za kuchemsha, wakalala huku punje zingali mdomoni. Yeye alikaa akiwapepea nzi. Na siku hizo, jamani, sufuria yake ilikuwa haibakizi kitu.

Jioni moja Salha alirudi mapema. Bakiri alipomwona alimkimbilia, lakini akajikwaa, akaangukia goti. Akainuka analia, akageuka, akakimbia kwa Zuwena.

"Mama! Mama, goti!"

Salha alisimama pale na jembe begani. Kesho yake, kabla ya kwenda bondeni, alibisha hodi kwa Zuwena.

"Shoga yangu, usinifikirie vibaya. Kuanzia leo watoto watashinda kwa bibi yao."

"Mama Siwatu, bibi haoni. Atawachungaje?"

"Atazungumza nao. Wewe unao mchana kutwa. Mimi nawaacha wamelala, nawakuta wanasinzia. Baba yao hayupo. Na wao wakinisahau, nitabaki na nani?"

Zuwena angeweza kumjibu, "Na mimi je?" Hakumjibu hivyo. Alisema, "Haya."

Siku ya kwanza alipika, kikabaki. Siku ya pili alipika, kikabaki. Siku ya tatu hakupika.

Siku ya nne, mchana wa jua kali, alikuwa ameketi mlangoni akichambua mlenda. Akawaona watoto wanapita, Siwatu amebeba kibuyu, Bakiri ameshika kata. Wanaelekea mtoni, kwenye visima vya mchangani. Siwatu alimtazama. Zuwena naye alimtazama. Neno lilimfika ulimini: mnakwenda wapi peke yenu? Akayakumbuka maneno ya Salha. Akainamisha uso, akaendelea na mlenda wake.

Kisima cha mchangani ni shimo tu. Kadiri kiangazi kinavyozidi, ndivyo maji yanavyokimbilia chini na shimo linavyochimbwa zaidi. Siku ile kina chake kilimpita mtu mzima. Siwatu alilala kifudifudi ukingoni, akamshika Bakiri mkono mmoja, akamteremsha kwa vile alikuwa mwepesi. Mkono wa pili Bakiri akachota. Kata ya kwanza ikapanda. Kata ya pili ikapanda. Ya tatu, ukuta wa mchanga ukakatika.

Mtoto alifunikwa mwili na kichwa. Kilichobaki nje ni mkono ulioshikwa na dada yake.

Sasa Siwatu afanye nini? Akimbie kuita watu? Akiuachia mkono, mchanga utaumeza nao, na nani atajua alipo? Akabaki amelala pale, mkono wa kulia umeshika, wa kushoto unafukua, na mdomo unapiga yowe.

Mtoni hapakuwa na mtu. Kijijini, walio na nguvu walikuwa bondeni, na waliobaki walikuwa wamelala ndani kwa joto. Wachache waliosikia walisema, "Watoto wanacheza." Bibi Mwamini peke yake aliinua kichwa. Kelele za mchezo zina vituo, mtoto hupumua akacheka. Yowe lile halikuwa na kituo. Akapapasa ukuta, akatoka, akaangukia kwenye debe tupu. Akaliokota, akatwaa mchi, akaligonga kwa nguvu zake zote.

"Mtoni! Mtoni! Wajukuu zangu wako mtoni!"

Zuwena alisikia debe. Mlenda ulimwagika. Hakumbuki alivyofika. Alijitupa shimoni, akachimba kwa mikono kama mnyama, mchanga ukirudi naye akiutoa, hadi kucha tatu zikang'oka. Alimvuta mtoto, akamtoa. Bakiri hakuwa anapumua. Zuwena alimkomba mchanga kinywani kwa kidole, akamgeuza kichwa chini, akampiga mgongoni. Akampiga tena. Mtoto akakohoa. Akatapika mchanga. Akalia.

Siwatu alikuwa bado ameushika ule mkono. Ilibidi vidole vyake vifunguliwe kimojakimoja.

Kijiji hicho kilikuwa na ada yake. Mtoto aliyefukiwa na ardhi akatolewa akiwa hai, huyo amezaliwa mara mbili, na lazima apewe mama wa pili. Na mama wa pili si jina tu. Kila kiangazi, toka mavuno yanapoisha hadi mvua ya kwanza, mtoto hulala kwake, hula kwake, hutumwa naye. Mpaka awe mtu mzima.

Aliyepaswa kuamua alikuwa baba mkubwa wa watoto, Sufiani, kaka wa baba yao. Alikuwa mtu mzuri, ila kuamua kulimtoa jasho, hata kuchagua jogoo wa kuchinja. Na mmoja wa waliodai kupewa mtoto alikuwa mama yake mzazi. Alikaa kwenye kigoda uani kwa Salha, akasema, "Semeni. Nasikiliza."

Bibi Mwamini akasema, "Mwanangu, kijiji kizima kilikuwa na masikio, na kijiji kizima kilisikia mchezo. Mimi ndiye niliyesikia kifo. Nisingesikia, huyu Zuwena angekuwa bado anachambua mlenda, na sisi tungekuwa matangani. Mnaniletea chakula, mnakiweka, mnaondoka. Kwangu hakuna sauti. Nipeni mtoto aniambie kama ni mchana au usiku."

Sufiani akasema, "Mama, umesema kweli."

Zuwena akainuka. Mikono yake ilikuwa imefungwa vitambaa. "Baba mkubwa, sauti haichimbi. Aliyemtoa ardhini ni mimi. Pumzi ile ya pili aliivutia mikononi mwangu, na kama kuzaliwa ni hivyo, basi mimi ndiye niliyemzaa." Angeweza kuketi. Hakuna aliyejua lile lingine isipokuwa yeye na mtoto wa miaka saba. Lakini akaendelea. "Na nitasema jambo ambalo hamkuniuliza. Niliwaona wanapita. Niliwaona na kata na kibuyu, nikajua waendako, na sikuwaita. Niliambiwa si wangu, nikanuna kwamba si wangu. Sasa mmelijua."

Salha alikuwa amejiinamia na upande wa kanga mdomoni. Kwa ada ile, mama wa kwanza hadai kitu, kwa kuwa chake anacho tayari. Lakini alisema, "Niliyewatoa kwenye mkeka wake ni mimi. Kama kuna kosa, linaanzia kwangu. Nilitaka mtoto wangu aniite mimi. Kila jioni nilipokuwa narudi njiani, hilo tu ndilo nililolitaka."

Zuwena alimtazama. Alidhani siku zote kwamba nyumba yenye watoto haina upweke. Siku ile ndipo alipoona kwamba ukuta mmoja tu ulikuwa umewatenga, kila mmoja akikaa upande wake akimwonea mwenziwe wivu.

Sufiani akajifuta jasho. "Mama Siwatu, nawe umesema kweli."

Hapo Siwatu akasogea mbele. Hakuna aliyemwita. "Baba mkubwa, na mimi nadai."

Watu wakacheka kidogo. Sufiani hakucheka. "Dai, mwanangu."

"Bibi alisikia kwa sababu nililia. Shangazi Zuwena alijua pa kuchimba kwa sababu nilimshika. Aliteleza, sikumwachia. Mchanga ulinijaa machoni, sikumwachia. Nipeni mimi."

"Wewe ni mtoto. Mtoto huwa mama wa pili?"

"Nikipewa mimi, atabaki kulala na mimi. Mkimpa mtu mwingine, nitalala na nani?"

"Lakini Siwatu, si wewe uliyempeleka kisimani?"

"Bibi alikuwa na kiu," akasema. "Na nyumbani maji yalikuwa yamekwisha."

Sufiani alimtazama mama yake asiyeona, ambaye alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili. Alimtazama Zuwena na vitambaa vyake. Alimtazama Salha. Akamtazama yule msichana aliyesimama katikati ya ua, kamfumbata mdogo wake kiganja. Kisha akainuka, akaomba maji ya kunywa. Akayanywa. Akaomba tena. Jua likateremka, kuku wakaingia bandani, na yule mwanamume hakuwa amesema neno, na mvua ya kwanza ilikuwa bado miezi miwili.

Nyinyi mlioketi hapa, hakuna hata mmoja wenu aliye ndugu wa Sufiani, wala hakuna anayeogopa kumnyima mama yake. Basi msaidieni. Kuna sikio lililosikia peke yake, ila kiu yake ndiyo iliyowatuma watoto. Kuna mikono iliyomrudisha hai, ila iliwaona wakipita ikatulia. Kuna mtoto aliyemteremsha shimoni, kisha akakataa kumwachia.

Je, kiangazi hiki na vyote vijavyo, Bakiri alistahili kulala nyumba ya nani?