Kiti cha Kando ya Bibi Harusi

Hapo zamani, na nikisema zamani msinipeleke enzi za masultani, maana kompyuta zilikuwepo na bando lilikuwa linakata vilevile, palikuwa na waandishi watatu wa programu mjini Tanga: Mwanakombo, Shafii na Adelina. Mwenye roho juu alikuwa Mwanakombo. Dada yake alikuwa anaolewa Jumamosi, na yeye ndiye aliyemshawishi mama yao aachane na kadi za kuonyesha viti. "Mama, mgeni atauliza kwa simu, programu itamwambia akae wapi."

Programu hiyo Mwanakombo aliiandika kivivu, tena uvivu wa makusudi. Ukumbi ukifunguliwa, haipangi viti. Inasubiri mgeni wa kwanza aulize, ndipo ipange, kisha itunze mpango uleule kwa wote watakaofuata. Asipouliza mtu, mashine ijisumbue ya nini?

Ijumaa wakaijaribu, ndugu wa pande zote mbili wakiuliza kwa simu zao. Lahaula! Upande wa bibi harusi ukauliza, upande wa bwana harusi ukauliza papo hapo. Wa huku wakatazama: mpango haupo. Wa kule wakatazama: mpango haupo. Hawa wakapangiwa mpango wao, wale wakapangiwa wao. Mama wa bibi harusi na mama wa bwana harusi wakapewa kiti kimoja!

"We Mwanakombo," mama akafoka kwenye simu, "unataka nipakatwe mbele za watu?"

Mwanakombo akatamani ardhi ipasuke immeze.

Shafii akakunja mikono ya shati. "Hapa dawa ni kufuli. Anayeuliza aingie peke yake, ajifungie, atazame. Akitoka, aingie mwingine." Wakajaribu. Akina mama wakapata kila mmoja kiti chake. Lakini foleni, jamani! Mpango uko tayari, na bado watu wanangojana mlangoni kwa kusoma tu.

Adelina akacheka mpaka akashika mbavu. "Shafii, anayekuja kusoma unamfungia mlango wa nini? Atazame kwanza. Mpango ukiwepo, asome aende zake. Usipokuwepo, ndipo ashike kufuli, na akishaingia atazame tena, huenda mwenzake kamtangulia." Wakajaribu. Foleni ikaisha. Ila mjomba mmoja akausoma mpango ambao haujamalizika, akapelekwa kwenye meza isiyo na kiti hata kimoja!

Hapo Mwanakombo akaruka. "Nimeuona ubaya! Tunautundika mpango ukiwa nusu. Uandikwe pembeni mpaka uishe, ndipo utundikwe." Wakajaribu. Wakajaribu tena. Kila mgeni na kiti chake, hakuna foleni, hakuna mjomba anayeranda. Mwanakombo akapiga kigelegele humo humo ofisini, akamkumbatia Adelina, akamkumbatia na Shafii, Shafii akaona haya.

Jumamosi ukumbi ukajaa, pilau likanukia, watu wakakaa bila kusukumana. Mama akawaita wote watatu mbele. "Kando ya bibi harusi nimebakiza kiti kimoja. Nataka akikalie aliyeniokolea harusi. Udugu tuuweke kando."

Mwanakombo akakitazama kile kiti. Ni dada yake yule, wamelala kitanda kimoja tangu utotoni, na kesho anahamia kwa watu.

"Ni changu, mama," akasema. "Wazo langu, na kasoro ya mwisho nimeimaliza mimi."

"Na balaa uliliandika wewe pia!" Shafii akadakia. "Mama, bila kufuli langu leo ungekuwa umepakatwa. Mimi ndiye niliyelizuia."

"Ukazuia na wageni," Adelina akasema, huku akijifunga kanga kiunoni. "Kwa kufuli lako, watu wangekuwa nje mpaka sasa na pilau limepoa. Mama, nimewaingiza mimi."

"Wakakuta meza bila viti!" wenzake wakasema kwa pamoja.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama akamtazama huyu, akamtazama yule, akashindwa. Tarumbeta zikalia, bibi harusi akaingia, na kiti bado kitupu.

Haya, nyie mnaocheka, msimtupie mama peke yake. Kiti ni kimoja tu. Je, nani alistahili kukikalia?