Kiboko Aliyekataa Kuwa Leso

Nikiita, mtaitika?

Ee.

Mkisinzia, mtaitika?

Ee.

Basi kaeni vizuri, maana hii haina haraka.

Alhamisi, tarehe kumi na mbili Rajabu, saa tatu na robo asubuhi, Mzee Pimbi alikata roho. Saa tatu kamili Bi Pimbi alikuwa mke wa mtu, anakoroga uji. Ilipofika na robo alikuwa mjane, na uji umeungua. Mumewe akazikwa mwambani, juu ya chemchemi yao. Bi Pimbi akajifunga leso kuukuu, akakaa eda ndani ya pango lake.

Pimbi mnamjua. Kimo cha kibuyu, mkia hana. Lakini chemchemi ile Mzee Pimbi aliichimbua kwa kucha zake mwenyewe, na haikuwahi kukauka. Bondeni mto ulikuwa umekauka. Ndani ya tope lake alilala Kiboko, anapumua hoo, hoo, na kuyawaza maji ya mjane.

Kiboko hakutaka kuitwa mnyang'anyi. Alitaka karatasi. Akamwendea Kasuku, aliyekuwa akiwaandikia wanyama barua pale sokoni, akamwagiza mkataba wa Kiingereza, wenye mwenye maji mmoja na mpangaji mmoja. Mwenye maji atakaa majini apendavyo. Mpangaji atafagia ukingo, atang'oa magugu, na akiambiwa hama, atahama. Kasuku akaandika. Kiboko akauliza yeye atie alama wapi. Kasuku, mdomo umejaa karanga, akamjibu kwamba neno lake linaanza na herufi l.

Kiboko akapanda mwambani, puu, puu, puu. Akatoa pole ya msiba. Akaeleza kwamba amekuja kama jirani, kumlindia mjane maji yake, ila kuna kikaratasi kidogo tu cha kutia alama. Akakikunjua, akakitazama. Chini palikuwa na nafasi mbili. Moja imeandikwa lessor. Nyingine imeandikwa lessee. Zote zinaanza na l.

Kiboko hakupenda kuonekana hajui. Akasema macho yanamuuma kwa vumbi, hebu shemeji amsomee.

Bi Pimbi akaipokea karatasi mlangoni. Akiikosea, atakuwa mpangaji kwenye maji yake mwenyewe, chini ya kaburi la mumewe. Lakini marehemu alikuwa tarishi wa mahakama, na maneno haya mawili alizoea kumchekesha nayo jioni. Alikuwa akimwambia, mke wangu, hawa wanafanana kama mapacha, wewe watazame mkiani. Lessee mkiani ana e mbili. Huyo ndiye anayeitwa akaitika, ee bwana, ee bwana. Ndiye mpangaji. Lessor hana ee. Haitikii mtu, kwa sababu kitu ni chake.

Bi Pimbi akafuta machozi, na machozi yalikuwa ya kweli.

"Shemeji," akasema, "hapa pana nafasi mbili. Hii ya kwanza ni leso." Alisoma polepole, na herufi ya mwisho akaimeza pamoja na mate. "Hii ya pili ni lesii. Wewe ndiye mkubwa, chagua kwanza."

"Leso?" akauliza Kiboko. "Leso hii ya kujifunga?"

"Mimi nasoma kilichoandikwa, shemeji. Tena leso ni nzuri. Tukipata ya kukizunguka kiuno chako, utapendeza."

Kiboko akacheka mpaka mashavu yakapiga bwata, bwata. "Mimi, baba wa mto mzima, niandikwe leso? Chukua leso yako, mjane. Mimi ni lesii. Hata kulitamka kwenyewe kuna heshima."

Akachovya mguu kwenye tope, akaupiga penye lessee, pwaa. Bi Pimbi akachovya kidole, akagusa penye lessor.

Ijumaa baada ya sala, Kiboko akawakusanya wanyama pale chemchemini, wasikie mjane akitajiwa kazi zake. Kasuku akapewa karatasi awasomee kwa Kiswahili.

"Mpangaji atafagia ukingo kila asubuhi. Ndivyo, Mzee Kiboko?"

"Ee."

"Mpangaji atang'oa magugu. Ndivyo?"

"Ee."

"Mpangaji akiambiwa hama, atahama. Ndivyo?"

"Ee, ee. Rudia hapo, mjane hajasikia vizuri."

Kasuku akarudia. Kisha akatazama chini ya karatasi, na karanga ikamponyoka mdomoni. Penye mpangaji alama ilikuwa pana kama sinia. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama yupo mnyama mwingine mwenye mguu wa namna hiyo. Wanyama wakautazama mguu wa Kiboko, wakaitazama karatasi, wakageuza nyuso kwa adabu. Nyani peke yake alishindwa na adabu, akacheka mpaka akaanguka majini, chubwi.

Kutoka ndani ya pango Bi Pimbi akaita kwa upole. "Shemeji."

Kiboko alikuwa ameshazoea. "Ee," akaitika.

"Ufagio uko nyuma ya jiwe."

Bi Pimbi hakumwambia hama. Alimwachia kona ya maji ya kulowesha mgongo, na Kiboko akafagia, fyagi, fyagi, fyagi, mpaka eda ikaisha. Anafagia hadi leo.

Hadithi imekunywa maji, imeshiba, inarudi kwake kulala. Funzo lake ni hili: mkubwa aachwe achague kwanza, na Kiingereza msijisumbue kukisoma, hakina faida. Nanyi mlioitika ee tangu mwanzo, nimewahesabu. Ufagio uko mlangoni.

Ee Mola, sote hapa ni wapangaji wako, na ukituambia hama, tunahama. Mrehemu Mzee Pimbi. Mrehemu na mwenzetu aliyekuwa akiitika hadithini kwa sauti kubwa kuliko sisi sote, ambaye leo nafasi yake mkekani iko wazi. Mpanulie kaburi lake, ulitie nuru, umpe makao asiyoambiwa ayahame.

Amina.