Pimbi na Tope la Kiboko

Hodi hodi kwenye masikio!
— Karibu, mlango uko wazi!
Niwape ya kweli au ya uongo?
— Tupe iliyo tamu!

Haya, tulieni basi. Wewe uliye nyuma, acha kutafuna, mahindi hayakimbii. Na huyo mtoto mpakateni alale. Hadithi hii haipendi kelele.

Jua liliwaka mwaka ule, likawaka, likawaka. Mto ukakauka. Likabaki dimbwi moja tu, na Kiboko akalala juu yake, puu! Aliyetaka kunywa ilibidi kwanza aingie kwenye chama chake. Unampelekea mzigo wa majani mabichi, naye anakupa bonge la tope.

"Dawa hii," anasema. "Inatibu upele, inatibu uchovu, inatibu umaskini. Sasa lete wawili wakae chini yako, na wao walete wawili wao."

Usipoleta wawili, hunywi.

Pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, alikuwa na wana watatu. Walikuwa wanaramba umande, na umande ulikuwa unapungua. Akashuka kwa Kiboko.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Wawili wako wako wapi?"

"Sina, Mkuu. Naomba tone tu, la watoto."

Kiboko akacheka, bwa-ha-ha! "Wewe kisoda, nani anakujua? Nenda ukajenge jina kwanza. Watu wakikuamini, ndiyo uje."

Pimbi akapanda mwambani, akakaa. Tai akitokea, Pimbi analia: "Kwiii! Kwiii! Tai!" Wanyama wanakimbia, wanapona. Tai asipotokea, Pimbi kimya. Kesho hivyo hivyo. Keshokutwa hivyo hivyo. Hakupiga ukelele wa utani hata mara moja.

Digidigi akasema, "Pimbi hajawahi kusema uongo."

Ngiri akasema, "Pimbi? Huyo akiniambia sasa ni usiku, mimi nalala."

Mwezi haujaisha, kila asubuhi walikuwa wanamsubiri chini ya mwamba, waliouziwa tope na wasiouziwa, wanamsikiliza. Lakini mwanawe wa pili alikuwa hawezi tena kusimama. Pimbi akamtazama, akashuka dimbwini, na kundi lote nyuma yake.

"Mkuu, nimekuletea pori zima."

Macho yakamtoka Kiboko. "Wote? Wakae chini yangu?"

"Wote. Ila wanataka kukuona ukitumia dawa yako mwenyewe. Toka juani, upakwe tope, ukae mpaka likauke. Ukivumilia, jioni wote wanaingia chamani, na majani yao."

Kiboko akasita. Ngozi yake na jua havipatani. "Kweli wataingia?"

Pimbi akamtazama usoni. "Mkuu, mimi nimewahi kudanganya?"

Wote wakajibu: "Hajawahi!"

Kiboko akatoka. Kila mwenye bonge lake akalibandika. Mgongoni, pwa! Mbavuni, pwa! Magotini, pwa, pwa, pwa! Jua likapiga. Tope likakauka, kau! Kiboko akataka kuinua mguu, mguu ukakataa.

"Dada Pimbi, inabana."

"Ndiyo inafanya kazi, Mkuu."

"Dada Pimbi, inachoma."

"Ndiyo inafanya kazi, Mkuu."

Nyuma yake wanyama wanakunywa: fyu, fyu, fyu! Jioni Kiboko alikuwa amenyamaza. Hakunyanyuka tena.

Wana wa Pimbi walikunywa wote watatu. Yule wa pili akasimama.

Kulipokucha, Pimbi akapanda mwambani kwake. Tai akatokea.

"Kwiii! Kwiii! Tai!"

Wanyama wakainua vichwa pale dimbwini, wakatazamana.

"Huyo?" Ngiri akasema. "Jana kamdanganya Mkuu usoni, jicho kavu. Leo anataka tukimbie, abaki na maji peke yake."

Wakacheka, wakainama kunywa. Hakukimbia hata mmoja. Tai akashuka, vuuu! Akaondoka na Digidigi.

Vumbi likatulia. Kitinda mimba wa Pimbi akamsogelea mama yake.

"Mama, ile ya leo ilikuwa kweli?"

"Kweli, mwanangu."

Mtoto akamtazama, akamtazama. Kisha akaenda kuwauliza ndugu zake.

Sasa mnataka funzo. Funzo ni hili: sema kweli, sema kweli, sema kweli kila siku, ili siku ukidanganya, uuze kwa jumla. Na mkimwona mtu hajawahi kudanganya hata kidogo, mkimbieni. Huyo anakusanya mtaji.

Mlango nimeurudishia, aliyesikia kasikia. Mimi naenda bombani, maji yanakatwa sasa hivi na ndoo yangu iko kwenye foleni. Msitoke, narudi. Kwani mimi nimewahi kuwadanganya?