Kiti Chako, Mzunguko Wangu

Mtu mmoja alikuwa na binti ambaye miguu haikumbeba. Mtu huyo aliitwa Faki, kazi yake kufua nazi za watu, na binti jina lake Raya. Raya alikuwa mwepesi wa akili na wa maneno, kama Mize mama yake, lakini tangu azaliwe kila alikokwenda alibebwa. Wenzake wakifukuzana uchochoroni, yeye aliwekwa barazani juu ya mkeka awatazame. Naye aliwatazama, na Faki alimtazama akiwatazama. Hilo ndilo lililokuwa likimla Faki moyoni, wala si umaskini, maana umaskini alishauzoea.

Akaja katika mji huo mdogo bwana mmoja, Bushiri, akajenga pembea uwanjani. Si ile ya kamba, ya kwenda na kurudi. Hii ilikuwa ya kuzunguka: nguzo moja nene katikati, imesimama juu ya beringi ya chuma, na juu yake mikono ya mbao imetawanyika pande zote, kila mkono una mnyororo wenye kulabu. Viti hakuviweka. Viti aliviuza. Kila mzazi alinunua kiti cha mwanawe, kikachongwa jina la mtoto mgongoni, akarudi nacho nyumbani, na kila alasiri akakileta akakitundika. Bushiri alisema mbele ya watu wote: ukishanunua ni chako, basi, hakuna wa kukuuliza. Faki akauza baiskeli yake, akanunua kiti chenye mgongo mrefu na mkanda wa kumfunga mtoto kiunoni.

Siku ya kukabidhiana viti, karani wa Bushiri alisimama mbele, kanzu nyeupe, kofia safi. Akainua mikono, akainamisha uso, akasoma maneno kwa sauti ya chini, ya haraka haraka, kama mtu anayefunga dua huku chakula kinapoa. Mnajijua wenyewe. Mtu wa kanzu akiinua mikono, ya kwetu inainuka yenyewe. Watu wakaitikia, "Amin!" wakapangusa nyuso, wakachukua viti vyao wakaenda zao wakifurahi.

Alasiri ile vijana waliisukuma pembea, na Raya akapaa. Mbele yake alikuwa binti wa muuza mandazi, nyuma yake mtoto wa sheha, na wote walikwenda mwendo mmoja. Hakuna aliyempita. Kila alipofika alipo baba yake alipiga kelele, "Baba, nakimbia! Baba, nakimbia!" Faki akageukia ukutani ili watu wasimwone uso. Tangu siku hiyo hapakuwa na alasiri iliyopita bila ya wao wawili kwenda uwanjani, mtoto mgongoni, kiti kichwani.

Sikukuu zikaja zikapita. Bushiri akatajirika, akanunua kiwanja nje ya mji, akaanza kujenga pembea mpya, kubwa zaidi, yenye taa. Watu wakampongeza. Kwa nini wasimpongeze? Mtu akiendelea, mji umeendelea.

Asubuhi moja Faki akapita uwanjani na gunia la nazi begani, akasikia msumeno. Akawakuta vijana wa Bushiri wameilaza nguzo chini, wanaikata. Akadhani inatengenezwa. Akawauliza kwa adabu, "Vijana, mnaihamishia wapi?" Mmoja akamjibu bila ya kuinua kichwa, "Haihami, mzee. Twaivunja." Na kweli, beringi ilikwishang'olewa na kupondwa nyundo, na pale iliposimama mwingine alikuwa akimimina zege. Gunia likamponyoka Faki, nazi zikatawanyika uwanja mzima, asiokote hata moja. Lau Bushiri angeihamisha, Faki angeelewa. Lau angeiuza, angeelewa. Lakini kuiponda! Kitu kizima, kinachofanya kazi, kilichobeba watoto jana yake! Alisimama pale mdomo wazi mpaka nguzo ikaisha kukatwa vipande. Mbao zake zikauzwa kwenye tanuri la mikate, na mji mzima ukaula mkate uliookwa kwa nguzo yake, ukashushia na chai, ndipo ukaambiwa.

Faki akaenda kwa Bushiri. Msidhani alifukuzwa. Alikaribishwa kiti, akamiminiwa kahawa, akaulizwa hali ya Mize na mtoto.

"Bwana Bushiri," akasema, "mimi kiti nilikinunua."

"Na kiti unacho. Nani amekichukua?"

"Hakizunguki."

Bushiri akamtazama kwa huruma hasa, huruma ya kweli, na hilo ndilo lililomtisha Faki kuliko yote. "Faki, ndugu yangu," akasema, "mlinunua viti. Kuzunguka hamkununua."

Faki akaacha kahawa yake imejaa, akatoka bila ya kuaga.

Nyumbani akakifunga kile kiti kwa kamba kwenye boriti ya ukumbi, akamweka Raya, akamsukuma. Kikaenda, kikarudi. Kikaenda, kikarudi. Mtoto akasema, "Baba, hii inanirudisha pale pale." Mize akaingia jikoni, ikasikika sauti ya masufuria yanayooshwa ilhali yalikwishaoshwa.

Basi wazazi wakakutana, wakasema, sisi mikono tunayo. Wakasimamisha gogo la mnazi pembeni mwa uwanja, mhunzi akawatengenezea beringi na kulabu, wakatundika viti vyao, na pembea ikazunguka, kwa kelele na kwa kuyumba, lakini ikazunguka. Watoto wakapanda jioni moja tu. Kesho yake Bushiri akaja na askari. Kulabu ya kushikia viti hivi ni ufundi wangu, akasema, na anayeiiga kwenye nguzo isiyo yangu ameniibia. Gogo likaangushwa mchana kweupe. Jamani! Mtu amevunja chake ili kisitumike, na wewe ukijenga chako ili utumie ulichonunua, mwizi ni wewe.

Faki akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Wengine walimpokea vizuri. Wengine walimcheka kwenye mabaraza: mwanamume mzima, ndevu zote hizo, analilia pembea! Watu hawana maji, yeye anadai mchezo wa watoto! Sawa, ulikuwa mchezo. Lakini baiskeli aliyoiuza ilikuwa baiskeli ya kweli, na nazi za watu tangu hapo alizibeba kwa bega la kweli. Faki alihimiza jambo moja tu, kwamba siku sheha atakapowakutanisha na Bushiri kila mtu afike na kiti chake.

Wakafika. Njia yote ilijaa watu wenye viti vichwani, majina ya watoto yanaonekana migongoni, mengine rangi imekwisha. Wakaviweka chini mbele ya ofisi ya sheha, wakakaa juu yake, wazee wazima, magoti yamegusa videvu. Hakuna aliyepiga kelele. Faki akasimama, Raya yuko mgongoni mwake, akasema maneno aliyoyafikiri siku nyingi.

"Bwana Bushiri, hatukuzuii kuondoka. Hatukutaki utusukumie, hatukutaki ututilie grisi. Nenda kwa heri na Mungu akuzidishie. Twataka tu ukiondoka usituvunjie nguzo."

Sheha akamgeukia Bushiri. Bushiri akamgeukia karani. Karani akasimama, kanzu ile ile, akayasoma yale maneno ya siku ya kukabidhiana viti, na safari hii aliyasoma polepole, neno moja moja. Kiti chako, mzunguko wangu. Siku nikitaka kuusimamisha nitausimamisha, nami sitakuwa na la kujibu. Wala hutatundika kiti hiki pengine. Akakunja karatasi. Bushiri akasema kwa upole, "Na nyote mliitikia Amin."

Watu wakapigwa na butwaa. Kumbe haikuwa dua! Bibi mmoja akashika kifua. Muuza mandazi akatazama viganja vyake, vile vile alivyojipangusia uso siku ile, kana kwamba anatafuta kitu kilichobaki. Na Faki alisikia masikioni mwake sauti yake mwenyewe ikisema Amin, kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu ya furaha.

Mnacheka? Haya, nyosheni mikono nyie mliosoma yale maandishi marefu kwenye simu zenu kabla ya kubonyeza pale penye "nakubali". Siioni mikono. Basi msicheke. Umemnunulia mwanao gemu, umelipa, jina lake limeandikwa ndani, na nguzo inayolizungusha iko kwa mtu usiyemjua, nchi usiyoijua. Siku akitengeneza jipya, la zamani analizima, na mwanao anakuletea kioo cheusi anakuuliza limekwenda wapi. Wako watu huko duniani waliobeba viti vyao mpaka milangoni kwa wakubwa, hawaombi ila lile aliloliomba Faki. Nao wanachekwa hivyo hivyo.

Sheha hakuwa mtu mbaya. Alikwaruza kidevu, akasema sheria aliyonayo inamjua mwizi anayeingia nyumbani kwako, na huyu hakuingia kwa mtu. Akasema neno lao amelisikia, ni zito, atalipeleka mjini kwa wakubwa. Na akalipeleka kweli. Wakangoja. Mvua zikaja, wakangoja. Wakubwa wakaandika kwamba wanalitazama. Raya akazidi kurefuka, na mgongo wa baba yake ukazidi kulisikia hilo. Kiti kikakaa ukumbini, Mize akawa anaweka juu yake nguo za kukunja.

Ikaja Idi, na pembea mpya ikafunguliwa. Viti vya zamani havikuingia kwenye kulabu zake, ilibidi kununua vingine. Wazazi wakaapiana: tutakwenda, tutasimama, lakini akisoma karani hakuna atakayeitikia. Asipoitikiwa hana mkataba, na asipokuwa na mkataba hana wa kumuuzia. Aliyeshika sana neno hilo alikuwa Faki. Ni yeye aliyepita tena nyumba kwa nyumba kulifunga.

Watoto walikuwa wamevaa nguo mpya, wamejipanga kando ya uzio, taa zinawaka nyekundu na kijani. Karani akainua mikono, akainamisha uso, akasoma, haraka haraka, sauti ya chini. Mikono ya watu ikataka kuinuka yenyewe, wakaifumbata nyuma. Karani akamaliza. Kimya. Akakohoa, akarudia maneno ya mwisho. Kimya. Bushiri akasogea mbele, na kwa mara ya kwanza mji ukamwona anatoka jasho. Akasema, "Asiyeitikia, mwanawe hapandi." Hakuna aliyetikisika. Nakwambieni, walikuwa wameshinda. Ilibaki kuvumilia kidogo tu.

Raya alikuwa mgongoni mwa baba yake. Hakuomba. Angeomba, Faki angeweza kumkatalia. Alikuwa akiitazama pembea kama alivyokuwa akiwatazama wenzake kutoka mkekani, zamani, kabla ya yote haya, na Faki hakuhitaji kugeuka ili alijue tazamo hilo. Alilisikia shingoni mwake. Wakubwa wa mjini hawajajibu. Mtoto anakua. Mwaka ujao huenda mgongo huu usimfikishe.

"Amin," akasema Faki.

Watu wote wakageuka. Mize akaziba uso kwa kanga. Hakuna aliyemtukana, ingekuwa afadhali wangemtukana. Kisha muuza mandazi naye akasema Amin, polepole, akitazama chini, kisha mwingine, kisha mwingine, mpaka uwanja wote ukaitikia, na karani akajipangusa uso.

Raya akafungwa mkanda kwenye kiti kipya, kilichonunuliwa kwa fedha za kitanda walichouza wazazi wake. Pembea ikaanza, ikashika kasi, taa zikamwagika. Faki alisimama kando kama alivyokuwa akisimama zamani, akangoja kuusikia ule ukelele. Mtoto akapita mara ya kwanza, kimya. Akapita tena, kimya. Wenzake walikuwa wakipiga mayowe ya furaha, yeye amekamata minyororo kwa mikono miwili, na macho yake hayakuwa kwa baba wala kwa watu. Yalikuwa kwenye nguzo.

Ikasimama. Faki akamfungua mkanda, akamwinamishia mgongo, naye akapanda. Njiani Raya akamuuliza sikioni, bila ya hasira, kama mtu anayeuliza saa ngapi sasa:

"Baba, na hii wataikata lini?"

Faki akamweka sawa mgongoni, akaendelea na njia. Nyie mnalo jibu?