Karibuni ya Mnana

Paukwa, enyi mlioketi, wakubwa kwa wadogo!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Pakawa na sinia juu ya nguzo!

Zamani, si za juzi wala za jana, paliondokea ndege mdogo wa manjano, jina lake Mnana. Kazi yake kufuma. Alifuma kiota katika bustani ya Bi Mwanatumu, na ndani yake mlikuwa na makinda matatu, hata manyoya hayajaota.

Bi Mwanatumu alikuwa mjane mcha Mungu. Kila alipomaliza sala ya alasiri alimwaga mtama katika sinia lililokuwa juu ya nguzo, akasema, "Kuleni, viumbe wa Mola." Mwaka huo mvua ilikataa. Nyasi zikakauka, mbegu zikaadimika. Makinda ya Mnana yaliishi kwa sinia lile, na jirani yake Tetere, ndege wa jamii ya njiwa, aliishi kwa sinia lile.

Ikaja meli kutoka ng'ambo. Juu ya mlingoti wake alikaa ndege mweusi mwenye shingo ya kijivu, wa jamii ya kunguru, jina lake Kurabu. Akaruka, pu, pu, pu, akatua juu ya ukuta wa bustani.

"Hodi hapa!"

Mnana alilelewa kwa adabu. Kwao, mgeni hata akiwa mmoja huitikiwa kwa wingi, ndiyo heshima. Akajibu, "Karibuni!"

Kurabu akainamisha kichwa. "Umesema karibuni?"

"Nimesema. Karibuni sana."

Tetere akamnong'oneza, "Shoga, ungemuuliza kwanza kaja na nani."

"Nimpekue mgeni mlangoni? Aibu hiyo!"

Kurabu akala, akashukuru, akaenda zake. Asubuhi yake, kwaa! kwaa! kwaa! Anga likawa jeusi. Kurabu arobaini.

"Bwana Kurabu, hawa ni nani?"

"Ni wingi wako, bibi. Ningalikuwa peke yangu ungalisema karibu. Wewe ulisema karibuni. Hiyo 'ni' ya mwisho ndiyo hawa jamaa zangu. Au katika lugha yenu maneno hayana maana?"

Wale arobaini wakacheka, kwaa, kwaa.

Wakala mtama. Wakaumwaga mwingine, wakaukanyaga. Mtama ulipokwisha wakaanza kuchungulia viota. Tetere alikuwa na mayai mawili. Wakayala yote mawili. Kisha Kurabu akaja kwa Mnana.

"Hawa watatu wamenona kweli!"

Akatia mdomo. Akasukuma. Bega likakwama, kwa maana mlango wa kiota ulifumwa kwa kipimo cha Mnana mwenyewe. Akaondoka akitukana.

Bi Mwanatumu akatoka na kubazi alilolivua mguuni. "Kishi! Kishi! Sadaka yangu imekuwa balaa. Kesho sinia hili naliondoa."

Mnana akasikia. Sinia likiondoka, makinda hayafiki Ijumaa. Akaruka hadi dirishani.

"Hodi, mama."

"Nani wewe?"

"Mimi Mnana. Niko peke yangu."

"Sema."

"Mama, usiliondoe. Lifanyie mlango. Kurabu hakuweza kuingia kwangu kwa sababu mlango ni mwembamba. Una tenga la kuchukulia kuku. Lifunike juu ya sinia. Mimi nitapita katika matundu yake, yeye hatapita."

Bi Mwanatumu akafikiri. Akaleta tenga, akalifunika, akalikaza kwa kamba, kaka, kaka, kaka. Kurabu wakaja, wakagonga, wakatia midomo, wakaambulia patupu. Siku tatu wakagonga. Siku ya nne wakahamia jaa la sokoni, na huko wakazaana.

Mnana akaingia tengani, akala, akabeba. Alipotoka akamkuta Tetere amesimama juu ya nguzo. Kifua chake kilikuwa kipana kuliko tundu.

"Nami je, shoga? Mimi sikumkaribisha mtu."

Mnana akageuka. Akarudi ndani, akatoka na punje moja, akaiweka miguuni pa Tetere.

"Moja tu?"

"Ndiyo inayotosha mdomo wangu. Ngoja."

Basi ikawa hivyo. Punje moja kwa makinda, punje moja kwa Tetere. Punje moja kwa makinda, punje moja kwa Tetere. Alfajiri hadi magharibi, frr, frr, hata manyoya ya mbawa zake yakachakaa. Mvua iliponyesha, makinda matatu yalikuwa yameota manyoya, na Tetere alikuwa hai. Lakini mayai mawili hayakurudi, na Tetere hakuacha kuyataja.

Haya, sikilizeni funzo lake. Kumkirimu mgeni ni wema, na kumwambia mpaka wake ni wema vilevile. Asiyeuweka mpaka mapema ataufuma baadaye kwa taabu, na utamfungia nje hata jirani asiye na kosa. Likimfika hilo, kumtunza jirani huyo ni juu yake.

Hadithi yangu imefika kituo chake, nami nimekoma papo hapo.