Gari la Mzee Madeha Korongoni

Kaeni vizuri. Mwenye safari yake aende sasa, maana nikishaanza sipendi watu wa kuchungulia mlangoni. Na ninyi mnaojifanya mna majibu ya kila kitu, yawekeni kwanza mfukoni.

Palikuwa na ndugu watatu wa tumbo moja, huko Ugogo, ambako mito mingi ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, halafu siku moja inashuka bila kubisha hodi.

Wa kwanza, Sechelela, alijaliwa masikio. Aliendesha mashine ya kusaga, na changarawe moja ikiingia kwenye debe la mtama aliisikia kabla haijafika kwenye jiwe. Umbea wa karibu na mashine yake haukuwa siri tena.

Wa pili, Nyemo, alijaliwa pua. Alikamua mafuta ya alizeti. Mletee dumu lililofungwa, atanusa kizibo na kukwambia mafuta yamekaa siku ngapi na kama yalichanganywa. Wauzaji wengine walikuwa wanampita mbali.

Kitinda mimba, Ndahani, alijaliwa mikono. Alichimba visima. Akiweka kiganja juu ya mwamba alijua utapasukia wapi. Maneno hakuwa nayo mengi, na hakuna aliyemdai.

Sasa, baba yao mkubwa, Mzee Madeha, alikuwa na gari. Gari la zamani, limewazidi umri hao wote watatu, la kuwashwa kwa ufunguo likitaka na likikataa kwa hendeli, chuma cha kuzungushia injini kwa mkono. Mke wake, Bi Tabitha, alikuwa amevunjika nyonga. Hospitali walimuunga kwa chuma, wakamruhusu arudi nyumbani kwa sharti moja: asikae, asikunjwe, alale chali tu. Basi kiti cha nyuma kiling'olewa, likawekwa godoro, likafungwa kwa mipira ya baiskeli. Watu sita walimwingiza mle, taratibu, na bado alilia. Wakaondoka: Mzee kwenye usukani, ndugu watatu wamejibana, mgonjwa nyuma.

Saa tisa alasiri wakaingia korongoni. Mchanga mkavu, jua kali. Walipofika katikati kabisa, injini ikakohoa mara mbili, ikazima.

Mzee akapiga stata. Injini ikazunguka, haikushika. Akapiga tena, na tena. Ndahani akageuka kutazama juu ya korongo, kule milimani. Kule palikuwa peusi.

"Baba mkubwa," akasema, "mvua imenyesha kule."

Wote walikuwa wamezaliwa pale na walijua maana yake. Kingo za korongo ni ndefu kuliko mtu. Mzima anakimbia, anapanda, anapona. Mwenye nyonga ya kuungwa hakimbii, na watu wanne kumbeba mgonjwa wa namna hiyo juu ya mchanga laini ni kumuua kwa njia nyingine.

"Niacheni," Bi Tabitha akasema kule nyuma. "Nyie bado mna miguu."

Mzee Madeha akauachia usukani. Akasema kwa sauti, mbele ya wote, "Atakayemtoa mke wangu humu, gari hili ni lake. Nimesema."

Sechelela akanyanyua kidole. "Nyamazeni. Washa ufunguo tu, usipige stata."

Mzee akawasha. Pampu ya petroli ikaanza kugonga, tik, tik, tik. Pampu ya gari lile ikishajaza hunyamaza. Hii haikunyamaza. "Inavuta hewa," Sechelela akasema. Akalala chali, akajisukuma chini ya gari, akafuata mpira wa petroli kwa vidole mpaka akakuta umepasuka karibu na tangi. Akaitisha kisu na kipande cha mpira wa baiskeli. Akakata palipopasuka, akaurudisha, akaufunga. Kichwa chake kilikuwa kimegusa mchanga, na ndani ya mchanga akasikia mngurumo wa maji. Aliogopa. Mdomo wake ulikuwa sentimita chache kutoka kwenye chuma kizito, na korongo lilikuwa linakuja. Hakutoka mpaka fundo la tatu.

"Linakuja," akasema alipotoka. Pampu ilikuwa imenyamaza.

Mzee akapiga stata. Haikuwaka. Betri ikaanza kuchoka, ikanung'unika, ikabaki na nguvu ya cheche tu, si ya kuzungusha injini.

Nyemo akaenda nyuma, akanusa bomba la moshi. "Petroli inafika lakini haiungui. Moto ndio hakuna." Akafungua boneti, akainama, na hapo pua yake ikamwambia jambo ambalo hakulitaka. Samli. Ukoo wao una desturi: chochote kinachokwenda kumleta mgonjwa nyumbani, punda au machela, hupakwa samli ili njia iwe laini. Mzee Madeha aliipaka injini alfajiri, kwa mapenzi yake yote, bila kumwambia mtu. Machela haina platini, kile chuma kidogo cha kutoa cheche, jama. Samli iliyeyuka kwa joto, ikapenya chini ya kofia inayogawa moto, ikaungulia humo.

Ulimi wa kwanza wa maji ulikuwa umeshafika kwenye tairi, na povu na vijiti. Nyemo alilia huku anafanya kazi. Akafuta kwa pindo la khanga, akatoa kiberiti, akaisugua platini kwa ubavu wake wenye mkwaruzo mpaka ikang'aa. Akaangusha kofia mara mbili, mara ya pili ndani ya maji, ikabidi aikaushe upya.

"Kulikuwa na nini?" Mzee akauliza.

"Uchafu tu, baba mkubwa," Nyemo akajibu.

Ikabaki hendeli. Sasa msikilize Ndahani. Hendeli ya gari lilelile ndiyo iliyorudi nyuma ikamvunja baba yao taya, na Ndahani aliona kwa macho yake. Tangu hapo hakuwahi kuishika. Akaingia mbele ya gari, maji magotini, mgongo wake kule yanakotoka. Akazungusha polepole, akisikiliza kwa viganja pale injini inapobana. Akavuta. Ikarudi. Kifundo cha mkono wa kulia kikalia kama ukuni unaovunjika. Akakaa sekunde moja, uso umekuwa majivu, akashika kwa mkono wa kushoto, akatafuta tena pale inapobana, akavuta.

Ikawaka.

Walipanda ng'ambo. Walipogeuka, mti mzima na mizizi yake ulikuwa unapita pale walipokuwa.

Bi Tabitha akafika nyumbani salama. Kesho yake Mzee Madeha akawaita wote mbele ya kitanda, akamkabidhi mkewe ufunguo. "Neno langu silirambi. Uhai ulikuwa wako, amua wewe."

Sechelela akasema, "Bila petroli wangesugua na kuzungusha mpaka wazame. Na mimi peke yangu nilijua korongo lilivyo karibu. Ningeweza kukimbia."

Ndahani akaonyesha mkono uliofungwa. "Mtaalamu wa mifupa anasema hautanyooka. Kisima sitachimba tena. Nikiwa na gari, nitabeba mizigo ya watu."

Nyemo akatazama chini. "Mimi nilifuta uchafu."

"Basi wewe mwanangu tutakupa mbuzi na shukrani," Mzee akasema kwa upole, akidhani ametenda haki. Nyemo akaitikia, "Ahsante, baba mkubwa."

Lakini Bi Tabitha alivunjika nyonga, hakuvunjika pua. Harufu ya samli ilimfikia palepale korongoni, na alimsikia Nyemo akidanganya. Anajua kwamba bila ile platini kusuguliwa, mpira ungefungwa bure na mkono ungevunjika bure. Anajua pia kwamba akimpa Nyemo ufunguo, mume wake atauliza sababu, na atajua kwamba ni samli yake iliyokaribia kumuua mkewe. Mume huyo, tangu walipofika nyumbani, hali chakula mpaka aone mkewe amekula kwanza.

Ufunguo uko kiganjani mwake. Wote watatu wamekaa mbele yake, na Mzee amesimama mlangoni akisubiri. Msiniambie wagawane; gari likikatwa vipande vitatu ni chuma chakavu. Na msinitazame mimi, kazi yangu ilikuwa kuwafikisha hapa.

Wewe ungekuwa Bi Tabitha, ufunguo ungempa nani, na ungemwambia nini mzee wako?